Njia ya Baiskeli Inayopita kwa Mama Oyoo

Ninyi mnaoanza kazi ya kuongoza wageni kwa baiskeli, jiandaeni kwa swali moja. Mgeni atashuka kwenye basi pale Migori, ataangalia malori ya miwa yakipita moja baada ya jingine, kisha atauliza, "Huko tunakoenda kuna magari?" Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii jibu langu lilikuwa lile lile. Nilimwambia kuna ng'ombe, kuna punda, kuna watoto wa shule, kuna akina mama wenye ndoo kichwani, na katika hao wote wa kuogopa ni punda kwa sababu hana adabu. Mgeni akicheka, nilijua safari itakwenda vizuri. Asipocheka nilimpa ndizi nikamwacha apumzike kwanza.

Mimi naitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Jina la ubatizo ninalo, liko kwenye kitambulisho na huko ndiko linakoishi, maana tangu niolewe huku Suna hakuna aliyewahi kunitafuta kwa jina hilo. Nimeacha kazi kwa sababu ya goti la kulia. Daktari aliniambia nipumzike, nikamweleza kwamba kwangu baiskeli ndiyo mapumziko, akaniangalia kidogo halafu akaendelea kuandika dawa. Sasa nakaa nyumbani nafuga kuku, na ninyi mnakuja kila mara kuniuliza njia fulani inapita wapi. Mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Nitayaandika yanavyokuja, msinidai mpangilio.

Safari yetu kubwa mnaijua. Tunaanzia Ntimaru kwenye vilima vya Wakuria, tunateremka katikati ya mahindi na tumbaku, tunapita pembeni mwa mji wa Migori bila kuuingia, tunatokea Masara kwenye machimbo ya dhahabu, tunashuka hadi ziwani Karungu, kisha tunapanda Gwassi na kuzunguka mpaka Homa Bay. Lami tunaikata tu tunapokutana nayo, hatuifuati. Ukifika juu kule Gwassi asubuhi unaliona ziwa lote chini yako na visiwa vyake, na sauti pekee ya chuma unayosikia ni cheni yako mwenyewe. Watu wametoka mbali sana kuja kusikia ukimya huo. Lakini kipande kimoja cha safari hiyo, kile cha Masara, kilikaribia kupotea, na kingepotea tungerudishwa katikati ya malori. Hilo ndilo nililokaa chini kuwaandikia. Mengine yanakuja njiani.

Mimi sikuzijua njia hizi kwa kufuata uzuri. Nilikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nilifunga magunia kwenye keria kule Karungu na kuyapeleka kwenye masoko ya bara, na wakati ule mwanamke juu ya baiskeli alikuwa sinema. Watoto walinifuata wakiimba. Wazee walinisimamisha kuniuliza kama mume wangu yuko hai. Niliwajibu kwamba yuko hai, ila yeye na baiskeli hawaelewani, na huo ulikuwa ukweli mtupu, maana mume wangu mpaka leo akipanda baiskeli huanguka upande wa kushoto na hakuna anayejua kwa nini.

Siku moja nilikuwa nasukuma mzigo wangu kwenye mlima, jasho linaingia machoni, nikapitwa na Mkuria mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa na ndizi na mahindi kutoka Ntimaru, mzigo mkubwa kuliko wangu, na hakuwa anahema. Huyo ndiye Mzee Mwita. Alisimama akaniangalia.

"Mama, hiyo njia unafuata ni ya watu," alisema.

"Kwani mimi ni nini?"

"Leo wewe ni ng'ombe. Si umebeba? Basi fuata ng'ombe."

Nilikasirika, nikataka kumrushia jiwe. Kisha nikamfuata, na mlima ukaisha kabla sijachoka. Alinieleza tukiwa tunakwenda. Mtu ana haraka, kwa hiyo njia yake hupanda moja kwa moja. Ng'ombe hana haraka, anaukata mlima kwa ubavu, anazunguka, na baiskeli yenye mzigo inataka hivyo hivyo. Kwa hiyo mkifika mahali njia inapogawanyika, angalieni chini, muone ni kwato au ni nyayo. Na msifuate njia ya mbuzi hata siku moja. Mbuzi hana mpango, atawapeleka juu ya mwamba awaache hapo mkitazamana.

Mwita alinifundisha karibu kila kitu ninachokijua. Alinifundisha kufungua madigadi kabla ya mvua, kwa sababu ule udongo mweusi wa Nyatike ukiingia kati ya madigadi na tairi, baiskeli inakuwa kiti. Alinifundisha kutembea na kijiti cha kukwangulia matope, na kupunguza upepo wa tairi kidogo kwenye changarawe. Tena alinifundisha habari ya ojuok, ule mti wenye maziwa yanayounguza macho, ambao watu wa kwetu hupanda kuwa ua. Ukiangukia ojuok, inuka, nawa mikono, na usijifute machoni hata kama unalia. Nimewaambia hayo wageni wengi, na kila msafara una mmoja anayejifuta.

Kisha Mwita akaumia. Ilikuwa msimu wa mvua, vijia vimejaa maji, akaamua kwa siku hiyo tu apite lami. Lori lilimpita karibu mno, likamvuta, akaenda chini. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini mguu haukurudi kama zamani na baiskeli hakuipanda tena. Alifungua kibanda cha kurekebisha baiskeli sokoni Migori. Nilipokwenda kumwona hakulalamika. Aliniambia nitafute njia ambazo gari haliwezi kuingia hata likitaka, na nizitafute zote, kutoka kwao mpaka kwetu. Nilidhani ni maneno ya mgonjwa.

Hapo kibandani ndipo kazi ilipoanza. Mwanamke mmoja kutoka Nairobi alileta baiskeli yake izibwe pancha, akamuuliza Mwita kama kuna njia ya kufika ziwani bila kukutana na lori. Mwita alininyooshea mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni, kidole cheusi kwa grisi. "Uliza huyo mama wa omena." Basi mgeni alinifuata mpaka Karungu, mimi mbele na magunia matupu yenye harufu yake, yeye nyuma akishangaa kila kitu, na jioni alinikumbatia akiwa ananuka omena kama mimi. Alirudi na marafiki, na marafiki wakaleta wengine. Kwa kila mgeni niliyempokea baada ya hapo, nilimkumbuka Mzee Mwita. Asante yake sijui nitaimaliza lini.

Msidhani mambo yalinyooka. Kuna wakati tuliongeza njia ya upande wa Ogwedhi, nzuri ajabu, nyasi pande zote na upepo kutoka Narok. Niliipima siku tulivu nikaipenda. Nikapeleka wageni, nimesahau kabisa kwamba ni siku ya mnada wa mifugo. Njia ile ya ng'ombe niliyokuwa naisifu ilikuwa siku hiyo imejaa wenyewe. Walikuja kutoka mbele, wamebanana, pembe kwa pembe, na sisi hatukuwa na pa kugeukia. Nilipiga kelele, "Uani!" Wageni wakajibandika kwenye ua na baiskeli zao juu ya vichwa. Mchungaji mmoja alipita akatusalimia kwa heshima zote, akatuuliza hizo baiskeli tunauza pamoja au moja moja. Tangu hapo siku za masoko nazijua kama majina ya wanangu.

Na kule Gwassi nilimwagiza mama mmoja Msabato atupikie chakula cha mchana, nikasahau kwamba siku yenyewe ni Jumamosi. Tulifika tukakuta mlango umefungwa, yuko kanisani. Wageni walikuwa na njaa ya kutisha, wamevaa zile kaptura za kubana ambazo hazifichi kitu. Nikawapeleka kanisani kumtafuta. Hatukuwa hata tumefika mlangoni, shemasi wa kike alitoka mbio na leso mikononi, akamfunga kila mmoja kiunoni bila kuuliza, wanaume na wanawake, kisha akatukaribisha ndani. Tulisikiliza mahubiri yote. Baadaye tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyopikwa Ijumaa na kupoa, na mgeni mmoja alisema hajawahi kula chakula kitamu kama hicho. Njaa ilimsaidia, lakini hata mimi nilikubaliana naye.

Ninyi mna ramani kwenye simu, na mimi sina ugomvi nazo. Binti yangu alinifundisha kuweka alama, na zimeniokoa zaidi ya mara moja kwenye ukungu. Ila mkifika Masara, zimeni simu, muulize watu. Pale wachimbaji wanahama na mashimo yanahama nao. Kijia ulichopita mwezi uliopita unaweza kukikuta kimekuwa shimo lenye kamba na mtu chini yake anaimba. Salimia kwanza, uliza, kisha pita.

Sasa nafika kwa Mama Oyoo.

Mnamfahamu. Nyumba yake iko pale kijia kinapoteremka kuelekea kijito, baada ya machimbo. Upande mmoja ni mashimo, upande mwingine ni mwamba, na katikati ndiyo hiyo njia nyembamba inayokwenda Nyatike. Hakuna nyingine. Ikifungwa, kutoka Masara mpaka mbele kabisa itabidi mtu afuate barabara kubwa pamoja na malori. Nilishajiapiza kwamba wageni wangu sitawapeleka huko baada ya kumwona Mwita kitandani. Kwa hiyo kwangu, njia ya Mama Oyoo ikifungwa, safari imekwisha, na kazi yangu imekwisha nayo.

Mama Oyoo ni mjane. Shamba ni la marehemu mumewe na anaishi na mwanawe, huyo Oyoo, ambaye ana mke na watoto na anachimba dhahabu kwenye mashimo ya watu. Jina lenyewe hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa njiani, kila Mjaluo analijua hilo. Oyoo si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni mchapakazi, na nyumba wanayolala wote ni ndogo.

Ikatokea kwamba Oyoo alichota udongo kwenye kijia, akauosha ndani ya karai, akaona kitu kinang'aa. Akachimba kishimo cha kupima, akaosha tena, na kikang'aa zaidi. Dhahabu ilikuwa inapita chini ya njia yenyewe. Habari zikaenea, na asubuhi moja mwendesha boda boda mmoja akasimama kwangu akaniambia, "Nyar Karungu, kimbia Masara, wanakula njia yako."

Nilikuwa na wageni wa kuondoka Ntimaru siku inayofuata. Nilipanda baiskeli nikaenda peke yangu, nikitunga hotuba njia nzima. Niliipanga vizuri. Ningeanza na watoto wa shule wanaopita pale, niende kwa akina mama wanaoteka maji, nimalizie na mguu wa Mwita. Nilifika nikakuta wachimbaji wamesimama na majembe na kamba, Oyoo katikati yao, na Mama Oyoo amekaa mlangoni anachambua dengu kwenye ungo. Zaidi ya kile kishimo cha Oyoo, hakuna aliyekuwa amegusa njia bado. Walikuwa wanamngojea yeye aseme, kwa kuwa shamba lilikuwa bado mikononi mwake.

Nilimsalimia, nikakaa, nikafungua kinywa. Oyoo alinitangulia.

"Nyar Karungu, wewe ni mtu ya hapa nyumbani, sitakudharau. Lakini hii shamba ni ya baba yangu. Watoto yangu watakula baiskeli?"

"Hawatakula, Oyoo."

"Basi nyinyi zungukeni na barabara. Mimi nimeingia shimo ya watu tangu nikiwa kijana. Leo Mungu amenionyesha yangu, mnaniambia niache watu wapite juu?"

Wachimbaji wakanong'ona wakimuunga mkono. Na mimi, wanangu, hotuba yote iliniisha. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Nilikuwa nimekuja kutetea njia ya wageni wanaokuja kutafuta ukimya, mbele ya mtu ambaye anashuka ardhini kwa kamba ili watoto wake wale.

Mama Oyoo aliendelea kuchambua dengu. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Oyoo, wuoda, mwanangu, ulizaliwa wapi?"

"Njiani, Mama. Si ndio jina yangu."

"Njia gani?"

"Ya hospitali. Mkiwa kwa gari."

Mama Oyoo alicheka mpaka dengu nyingine zikamwagika. "Gari gani? Nani alikuwa na gari hapa?"

Aliweka ungo chini, akaomba mkono wangu, nikamwinua. Akatembea polepole, sisi sote nyuma yake, akakipita kile kishimo cha Oyoo bila kukitazama, akafika pale kijia kinapopinda kando ya ua wa ojuok. Akapiga chini kwa fimbo.

"Hapa," alisema. "Nilikuwa nimetoka mtoni na maji. Baba yako alikuwa ameenda kuchimba Macalder, na nyumba ilikuwa haina mtu. Nikakaa chini, nikajua siwezi fika. Nikaita, hakuna mtu. Nikanyamaza nikasema basi, tutakufa na huyu mtoto wangu."

Oyoo alikuwa anaangalia ile fimbo.

"Halafu wanawake wakakuja, wanatoka huko Nyatike, wanaenda matanga. Siwajui, hawanijui. Mmoja alifungua leso yake ya kilio, ndio wewe ulianguka ndani. Wale wengine walienda, huyo akabaki na mimi mpaka jua likazama, na ni ndugu yake alikuwa anaenda kuzika. Hata jina yake sikuuliza. Nimekaa hapa mlangoni miaka hii yote naangalia wenye wanapita, nikidhani siku moja atarudi nimwambie ero kamano."

Ero kamano ni asante kwa Kijaluo. Kisha Mama Oyoo akamwangalia mwanawe.

"Sasa kama babu yako angekuwa amechimba hii njia, nani angenipitia siku hiyo?"

Oyoo alisema, "Mama, hiyo ni ya zamani."

"Ya zamani ni wewe umesimama hapo."

Mchimbaji mmoja alikohoa, mwingine akaanza kukunja kamba yake. Oyoo alirudi kwenye kile kishimo, akachukua jembe, akaanza kukifukia. Alifukia taratibu, akashindilia kwa miguu, akaongeza udongo, akashindilia tena. Nilitaka kumsaidia akanikataza kwa mkono. Mimi nilisimama pale nalia mbele ya wanaume wazima, na sioni haya kuliandika. Nilikuwa nimekuja kuiombea njia, na aliyeiombea alikuwa mtu aliyezalia juu yake.

Baada ya siku chache nilifika Masara na wageni wangu. Udongo ulikuwa bado mwororo mahali pale, tukashuka tukapita kwa miguu. Mama Oyoo alikuwa mlangoni na akawaangalia nyuso mmoja mmoja. Mpaka leo hufanya hivyo. Akiwaangalia ninyi kwa muda mrefu msiogope, simameni mumsalimie vizuri, hana neno.

Na Oyoo bado anashuka kwenye mashimo ya watu. Nyumba ni ile ile ndogo. Akiwa juu, anapumzika, na msafara ukapita, huwa anaita kwa sauti, "Piteni polepole, hiyo ni lori yangu mnakanyaga, ile ningenunua na dhahabu!" Wageni hucheka sana, wanadhani ni utani wa hapa kwetu. Mimi kila nilipopita nilishuka nikampa mkono na kumwambia ero kamano, naye aliupokea akitabasamu, na kiganja chake siku zote kilikuwa na udongo wa shimo la mtu mwingine.